Siku Zilizo Kabla ya Kazi ni za Nani?

Wahenga wetu hawakukubaliana juu ya safari. Mmoja alisema mtembezi hula miguu yake. Mwingine akasema mkaa bure si sawa na mtembea bure, kwani anayetembea huenda akaokota. Darasani tuliziandika methali zote mbili kwenye daftari moja, tukapewa vema zetu, tukaenda zetu. Lakini ikija siku umepata kazi, tena kazi ya kweli yenye mshahara wa mwisho wa mwezi, bosi akakuambia "Jumatatu saa mbili asubuhi uwe hapa", na wewe moyoni una safari uliyoiwekea akiba mwaka mzima, hapo ndipo methali hizo mbili zinapokamatana mashati. Utafuata ipi?

Ndugu msomaji, swali ninalolileta linaweza kuonekana dogo. Je, ni halali kijana kumwomba mwajiri mpya amsogezee siku ya kuanza kazi ili asafiri kwanza? Sizungumzii safari ya matibabu, wala ya mazishi, wala ya kwenda kufanya mtihani. Nazungumzia safari ya kwenda kuona. Kupanda gari moshi la Reli ya Kati mpaka Kigoma, ambako reli hiyo ilifika mwaka 1914, kushuka pale mwisho wa njia na kulitazama Ziwa Tanganyika kwa macho yako mwenyewe badala ya kulitazama kwenye ramani. Basi. Hakuna sababu nyingine.

Kijiweni kwetu swali hili halimalizi hata kikombe kimoja cha kahawa. Jibu liko tayari: "We vipi? Sema umefiwa!" Na watu wanacheka, na mazungumzo yanarudi kwenye mpira. Mimi jibu hilo limenikaa kooni siku nyingi, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Tuanze na siku zenyewe. Ukiangalia kwa hesabu ya duka, siku zilizo kabla ya kazi ni zako. Mwajiri hajakulipa hata senti tano. Hana daftari lenye jina lako. Ukilala mpaka saa sita mchana ni shauri yako. Lakini kuna neno moja dogo linalobadilisha mambo yote, nalo ni "ndiyo". Ukishasema "ndiyo, Jumatatu nitakuwapo", umetoa ahadi, na ahadi ni deni. Hapo kuna mtu amezipanga siku zake juu ya neno lako. Kwa hiyo naona kabla ya ndiyo siku ni zako kabisa, na baada ya ndiyo siku bado ni zako lakini zimewekwa rehani. Kitu cha rehani hukichukui usiku kwa kuruka ukuta. Unakwenda mlangoni, unabisha hodi, unaomba.

Sasa tujiulize, kama kuomba ndiyo njia, mbona tunaona aibu? Kwa nini kijana anaweza kutamka "nimefiwa" bila kigugumizi, lakini kutamka "nataka kwenda kuliona ziwa" anaona haya kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani?

Mimi naona aibu hiyo ina historia. Wakati wa ukoloni jirani zetu wa Kenya walibebeshwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanaume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 alitakiwa awe nacho popote aendapo, na wengi walikitundika shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Humo mlikuwa na alama za vidole, na habari za kazi alizofanya, na nani alimwajiri. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachia, huendi. Ukienda, wewe ni mtoro. Yaani safari ya mtu mzima mwenye mke na watoto ilikaa kwenye kalamu ya mtu mwingine.

Na sisi huku tusijifanye malaika. Mwaka 1983, tukiwa tumeshajitawala zaidi ya miaka 20, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Katika mitaa ya Dar es Salaam watu walikamatwa, na aliyeshindwa kuonyesha kwamba ana kazi alihesabiwa mzururaji, akasafirishwa kwenda kulima. Nia yao ilikuwa kila mtu afanye kazi, na mimi sina ugomvi na kazi. Lakini operesheni ilikwisha, neno likabaki. Kuzurura. Mpaka leo mtu anayekwenda mahali bila kutumwa, bila msiba, bila harusi na bila mzigo wa biashara, anaonekana ana kosa fulani hata kama halijajulikana ni kosa gani. Mwambie mama yako unakwenda Kigoma kuangalia tu. Atakuuliza mara tatu: kuangalia nini?

Sheria zilizokuja baadaye ni za upole zaidi, na ni haki tuzisifu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya mwaka ya siku 28. Ila ilisema aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo. Iliweka pia siku zisizopungua nne za malipo kwa mtu aliyefiwa na mwenzi wake, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu yake, au ambaye mtoto wake ameugua au amefariki. Ni sheria ya kibinadamu. Lakini itazame kwa jicho la kijana anayeanza kazi. Mlango wa mapumziko bado umefungwa kwa miezi sita. Mlango ambao mabosi huufungua kwa huruma ni wa msiba na ugonjwa. Basi ulimi nao unajifunza njia. Hakuna aliyetufundisha kusema uongo, tumeangalia tu mlango upi uko wazi.

Sasa nisimulie mawili ninayoyajua, maana falsafa isiyo na watu ndani yake ni kelele.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alipata kazi ya ukarani kwenye ofisi ya usafirishaji mizigo. Akataka siku kumi aende kwanza Zanzibar na Pemba na rafiki zake. Akafuata ushauri wa kijiweni. Akapiga simu na sauti ya kukwama: bibi amefariki, kijijini, mazishi keshokutwa. Bosi akampa pole na siku kumi bila swali. Fiksi ikakubali. Jamaa akala urojo wake Forodhani, akapiga picha, akarudi.

Siku ya kwanza kazini, kabla hata hajaonyeshwa meza, mama mmoja wa mapokezi akamwita pembeni akampa bahasha. Rambirambi. Watu kumi na wawili ambao hawajawahi kumwona sura walikuwa wamechangishana, na ndani palikuwa na karatasi yenye majina yao, kila jina na kiasi chake, mpaka mfagizi wa ofisi na elfu mbili yake. Mama yule akamwambia, "Pole sana mwanangu. Sisi hapa ni ndugu."

Niambieni, bahasha ile inafanywaje? Ukiirudisha, umejifichua. Ukiitia mfukoni, umekula pesa ya mfagizi. Yule kijana aliitia mfukoni, na hela zenyewe zilikwisha baada ya siku mbili, lakini bibi hakwisha. Bibi yule yuko hai mpaka ninapoandika haya, anachambua mchicha barazani, na kila wafanyakazi wenzake wanaposema wanataka kupita nyumbani kumjulia hali, jamaa anatafuta udhuru mwingine. Na siku Mungu atakapomchukua bibi kweli, mjukuu wake atakuwa hana ruhusa ya kuomba. Msiba wake ameshautumia.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 juu ya mtu anayekopa pesa huku akijua wazi kwamba hatalipa. Alisema tujiulize, je, ikiwa kila mwenye shida atafanya hivyo? Jibu ni kwamba ahadi yenyewe itakufa, hakuna atakayemwamini mwenzake, watu watacheka tu wakisikia neno "nitakulipa". Inachekesha kidogo kwamba Kant mwenyewe maisha yake yote hakwenda mbali na mji wake wa Königsberg, ingawa alifundisha jiografia ya dunia nzima. Huyu hakuwa na haja ya kuomba siku za safari! Lakini hoja yake inaingia mpaka kijiweni kwetu. "Nimefiwa" ni neno lenye nguvu kwa sababu watu wengi wanaolitamka wamefiwa kweli. Anayelitumia kwa uongo anakula akiba ya wafiwa. Ndiyo maana sasa ofisi nyingine zinadai barua ya mwenyekiti wa mtaa kabla ya kukuruhusu ukazike. Tunalalamika kwamba mabosi hawana utu. Je, nani kati yetu aliwafundisha kutilia shaka machozi?

Najua mtaniambia nini. Mtasema, "Mwandishi, wewe unahubiri. Nje ya geti la kila ofisi wako mia wanaoingojea nafasi hiyo hiyo. Ukisema ukweli bosi atamwita wa pili kwenye orodha. Ukweli ni wa watoto wa wakubwa."

Hoja hiyo siipuuzi, maana ina kweli ndani yake. Mwaka 1831 kijana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na miaka 22, Charles Darwin, aliitiwa safari ya kuzunguka dunia kwa meli iitwayo Beagle. Alikuwa ametayarishwa awe kasisi. Baba yake, daktari mwenye mali, akapinga kwamba safari hiyo haitamfaa kijana anayekwenda kuwa mtu wa dini, na kwamba ni jambo la ovyo. Hata hivyo akamwachia upenyo: ukimpata mtu mmoja mwenye akili timamu atakayekushauri uende, nitakubali. Darwin alikuwa ameshaandika barua ya kukataa. Mjomba wake Josiah Wedgwood akazichukua hoja za baba mtu moja moja akazijibu, na baba akakubali. Safari iliyokusudiwa kuwa ya miaka miwili ilikwenda karibu mitano. Kasisi hakupatikana tena, akapatikana mtu aliyebadilisha elimu ya viumbe.

Tukisoma habari kama hiyo tunasema, "Unaona? Safari kwanza!" Lakini soma vizuri. Darwin alikuwa na baba wa kulipa na mjomba wa kumtetea. Mwenzangu na mimi hatuna mjomba wa namna hiyo. Mjomba wetu ndiye anayesubiri tuanze kazi ili tumsaidie ada za watoto. Kwa hiyo ni kweli kwamba bei ya kusema ukweli si moja kwa watu wote, na anayedanganya kwa sababu nyumbani kuna wadogo zake wanne mimi simtupii jiwe. Ila naomba tutofautishe. Kudanganya ili ule na kudanganya ili utembee ni mambo mawili. Safari ya kwenda kuona ni kitu kizuri, lakini hakuna aliyekufa kwa kutoiona Kigoma. Kinachoweza kungoja hakina haki ya kumwua bibi.

La pili ninalolijua ni la mwenzangu tuliyemaliza naye kidato cha nne. Huyu anaandika, kama mimi. Ana riwaya yake ambayo mhusika mkuu anatoroka nyumbani anakwenda Ujiji, na yeye mwenyewe alikuwa hajavuka Morogoro. Akapata kazi ya stoo kwenye duka la vipuri vya magari. Alipopigiwa simu aanze Jumatatu, akasema ukweli: "Bosi, naomba wiki mbili. Kuna safari ya Kigoma nimeiwekea akiba. Nikisharudi nitafanya kazi kwa moyo mmoja." Upande wa pili kimya kidogo, halafu sauti: "Jumatatu au basi." Simu ikakatwa.

Kijiweni walimcheka mpaka wakachoka. Jumatatu akaenda kazini na uchungu wake. Nauli aliyokuwa ameikusanya ikaanza kuliwa kidogo kidogo na daladala na chakula cha mchana. Nasema hivi ili mtu asidhani nauza hadithi ya kwamba msema kweli hupewa zawadi mlangoni. Mwenzangu hakupewa kitu. Kigoma hajafika mpaka leo.

Lakini sikilizeni alichokikuta. Kwenye kiti cha stoo alikaa dada mmoja mjamzito, miguu imevimba, anashuka ngazi kwa kushika ukuta. Alikuwa anangoja mtu wa kumpokea ili aende akajifungue. Alimwonyesha mwenzangu vitabu vya kupokelea mzigo, akamwonyesha rafu za bearing na za mikanda, na baada ya siku tatu akaaga. Mwenzangu aliniambia, "Ningeambiwa tu kwamba kuna huyu dada, hata nisingeomba."

Hapo ndipo fikra zangu ziligeuka. Siku zote nilikuwa nalifikiri jambo hili kama kamba inayovutwa na watu wawili, kijana huku na bosi kule. Kumbe kuna wa tatu, yule aliye kwenye kiti chako sasa. Yuko mlinzi anayelala getini usiku wa pili mfululizo kwa sababu mwenziwe hajaripoti. Yuko mwalimu anayefundisha mikondo miwili kwa kuwa mwalimu mpya "atakuja mwezi ujao". Tena yule wa fiksi naye, siku zake kumi za Zanzibar kuna mtu alizifanyia kazi, na huenda mtu huyo jina lake lilikuwamo kwenye karatasi ya rambirambi. Siku tunazoziomba si tupu. Kuna mgongo uliozibeba.

Na nikaona kingine. Bosi wa duka la vipuri alikuwa na sababu nzuri kuliko zote, akaikalia. Alimjibu mtu mzima kama anayefukuza mbuzi. Yule kijana wa ofisi ya mizigo naye alikuwa na sababu yake, akaikalia, akatoa nyingine ya bandia. Kwa kuwatazama mmoja ni mkubwa na mwingine mdogo, mmoja mkali na mwingine mnyenyekevu. Lakini kosa lao ni moja: kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu asiyestahili kuambiwa kwa nini. Uongo wa mnyonge na amri ya mwenye nguvu vinafanana hapo.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali niliyoanza nalo ni hili. Kuomba siku ni halali, hata kwa safari ya kwenda kuona tu, na aibu yake tuizike pamoja na kipande. Kunyimwa nako ni halali. Siku zinaweza kuombwa na zinaweza kunyimwa, hilo halimdhalilishi mtu. Kinachomdhalilisha ni kufichana sababu. Tunadaiana sababu ya kweli kabla hatujadaiana siku.

Hili likikubaliwa, mengine yanajipanga yenyewe. Utaomba mapema, kabla ya kusema ndiyo, kwa maana ukiomba baada ya ndiyo tayari kuna mtu ameshajipanga juu yako. Utasema unakwenda wapi na utarudi tarehe ngapi, usiseme "kama wiki hivi". Utauliza, "Nani yuko kwenye kazi hiyo sasa, na atapata taabu gani nikichelewa?" Swali hilo vijana wengi hatuliulizi kabisa, na ndilo linalomwonyesha bosi kwamba anaajiri mtu na si mikono. Ukiambiwa wiki moja badala ya mbili, chukua wiki yako ushukuru. Ukiambiwa hapana, basi ni hapana: ama unaanza Jumatatu bila kununa, ama unaiacha kazi kwa macho makavu, ukijua bei yake, wala usije mtaani kujifanya umeonewa.

Na ninyi mnaoajiri, kama gazeti letu hili linawafikia, jibu la "Jumatatu au basi" halipunguzi gharama zenu hata shilingi. Maneno "kuna dada anangoja kujifungua" yangechukua sekunde tatu tu, na kijana angekuja na moyo mwingine.

Nimalizie na sisi tunaotaka kuandika. Tunadhani lazima tusafiri ili tupate cha kuandika, na siwezi kukataa, mimi mwenyewe nalitamani ziwa lile. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, na mwaka 1331 alikuwa Kilwa. Bila miguu yake tungejua machache zaidi juu ya pwani yetu ya wakati ule. Lakini riwaya haitokani na maziwa peke yake. Inatokana na kujua kwa nini mtu amefanya alichofanya. Mwenzangu wa stoo hajafika Ujiji, ila ile riwaya yake ameirudia tangu mwanzo. Sasa mhusika wake akitoroka nyumbani kuna mtu anabaki nyuma akiteka maji peke yake, na sura ile ya mteka maji ndiyo bora kuliko zote nilizosoma kwake.

Miezi yake sita imeshapita. Wiki jana aliandika barua ya kuomba likizo, akanisomea. Sababu ya safari: kwenda kuliona Ziwa Tanganyika. Jibu lilikuwa halijatoka. Wanaosema angeandika "msiba" angeshajibiwa, kalamu mnazo, nawangojea kwenye kurasa hizi.